Pingamizi Nililolicheka Chiola

Nianze mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana mkasa huu ukipita midomoni mwa watu wa Chiola huwa unaongezwa chumvi, na mimi ulivyo tu unanitosha: ndiyo, ni mimi niliyempaka unga usoni binti aliyefiwa na baba yake, mbele ya ukoo mzima, siku ya arobaini ya baba huyohuyo, nikawaomba watu wampigie makofi kwa kuwa anajua kulia. Sikuwa nimelewa (pombe sijawahi kuionja), wala sikuwa na ugomvi naye, tena nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Nilikuwa naelimisha watu sheria. Aibu ile bado ninayo, inanijia hata katikati ya palizi, nasimamisha jembe nasema "Mungu wangu" kwa sauti, mke wangu anauliza kuna nini tena, nasema hamna kitu.

Naitwa Selemani, naishi Nachingwea mjini, nalima ufuta na nina mikorosho yangu kidogo, na zaidi ya hapo ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Si mwanasheria, naomba hilo lieleweke, ingawa siku ile nilijibeba kama mtu aliyesoma ng'ambo. Sisi tulipewa mafunzo ya kumwonesha mtu aanzie wapi, kama ni baraza la kata au mahakama ya mwanzo, na zaidi ya yote tulifundishwa maneno. Sheria yetu sehemu kubwa iliingia na Waingereza, wao wakaondoka wakaiacha, na hata sasa ambapo mahakama inaendeshwa kwa Kiswahili maneno mengi ni yaleyale yao yamevishwa kanzu yetu, na mtu wa kijijini akiyasikia anaona giza. Kazi yangu ilikuwa kuyafungua yale maneno. Na niliipenda kazi hiyo, jamani, niliipenda kupita kiasi.

Nilikuwa na mfano kwa kila neno. Mzigo wa kuthibitisha: ukisema yule mbuzi ni wako, basi kazi ya kuonesha alama sikioni ni yako wewe uliyesema, siyo ya yule aliyemfunga kamba. Ushahidi wa kuambiwa: umesikia ghalani kwamba fulani anachanganya mawe kwenye korosho, hukuona kwa macho yako, basi mahakama haitaki usimulie, inamtaka aliyeona aje mwenyewe. Mizani ya uwezekano: katika kesi ya madai hakuna anayekutaka uondoe kila chembe ya shaka, kinachotazamwa ni upande upi umezidi, hata kama umezidi kwa kiganja tu, kama magunia kwenye mzani wa chama cha msingi cha wakulima. Msimamizi wa mirathi: ni yule anayekabidhiwa funguo za ghala, korosho si zake, anazigawa kwa wenyewe kisha anarudisha funguo. Watu walikuwa wanacheka, wanaelewa, wananiita "wakili", na mimi nasema hapana hapana huku moyoni nasema ongezeni sauti.

Sasa Mzee Mfaume wa Chiola akafariki. Huyu alikuwa mtu wa watu, mkulima mzuri wa korosho, mpenda mpira asiyekosa mechi, na ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa asiyejua utani wa huku kwetu nieleze kidogo, kwa sababu mkasa wote umesimama hapo. Mtani akija msibani haji kulia. Anakuja na unga au majivu usoni, anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea na kukohoa, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, anadai mashamba, anadai kuwa marehemu alimwahidi nyumba, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi, na ndiyo dawa yenyewe. Mtani hakasirikiwi wala hashitakiwi. Na neno lolote lililosemwa ndani ya utani halihesabiki, mkishatawanyika limekwisha.

Siku ya mazishi ya Mfaume nilifanya utani wangu vizuri tu. Halafu mdogo wake marehemu, Mzee Bakari, ambaye ndiye ukoo ulitaka kumpendekeza awe msimamizi wa mirathi, akanifuata akaniomba kwamba arobaini ikifika, baada ya dua na chakula kutakuwa na kikao cha ukoo, basi nije niwaeleze watu mambo ya mirathi ili wakienda mahakamani Nachingwea wasiende vipofu. Nikakubali. Hapo nilitakiwa nichague, niende kama mtani au niende kama msaidizi wa kisheria. Sikuchagua. Nilienda na vyote viwili, na uamuzi huo mdogo, ambao niliufanya huku nafunga kamba za viatu, ndio ulionimaliza.

Nilifika mapema nikamvuta pembeni Bi Fatu, shangazi yangu wa ukoo, mtani mwenzangu, mwanamke ambaye anaweza kumchekesha maiti (nisameheni, ndivyo tunavyosema). Nikamwambia, "Shangazi, nikifika kwenye neno pingamizi nataka watu walione kwa macho. Nitauliza, nani ana pingamizi? Wewe unasimama, unasema wewe ni mke wa siri wa Mfaume, unataka mikorosho yako. Mimi nakuhoji kama mahakamani."

"Mke wa siri mimi? Na meno haya yaliyobaki?" akasema. "Haya, niachie mimi. Nikiona sifai nitakutafutia mtu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyoyashika. Nitakutafutia mtu.

Dua ikasomwa, ubwabwa ukaliwa, watu wakakaa chini ya turubai, wanaume kwenye mabenchi na wanawake kwenye mikeka. Mjane, Bi Somoe, alikaa mbele na kanga yake nyeupe, mtu mpole asiyependa kuonekana, na watoto wake wamemzunguka. Nikasimama. Nikaeleza msimamizi, nikaeleza mnufaika, nikaeleza wosia, mambo yakawa yananyooka, na unga wangu wa utani nilikuwa nao kwenye kifuko nimeuficha mfukoni kwa ajili ya Bi Fatu. Nikafika kwenye pingamizi. Nikasema pingamizi siyo ugomvi, ni mtu kusema kwa utaratibu kwamba subirini kwanza, na mimi nina haki yangu hapa isikilizwe kabla hamjaendelea, na kwamba mahakama inabandika tangazo kwa sababu hiyohiyo, ili mwenye neno asipitwe. Halafu nikapaza sauti kama mpiga debe: "Haya, katika ukoo huu, nani ana pingamizi?"

Nyuma kabisa, kwenye mkeka wa mwisho, akasimama binti mmoja aliyevaa baibui la rangi ya udongo. Nilimkadiria umri wa binti yangu wa pili. Hakuna aliyemjua, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, maana arobaini watu wanatoka kila upande. Akasema, "Mimi ninalo. Naitwa Zainabu, natokea Namungo, kule Ruangwa. Mzee Mfaume ni baba yangu."

Nikajisemea, shangazi huyu, kweli kanipatia mtu! Tena mgeni kabisa, ili isijulikane. Nikafurahi. Nikapiga kofi moja nikasema, "Mmeona? Pingamizi hilo! Sogea mbele, mdai."

Naye akasogea. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba alisogea kwa heshima, akavua ndala zake ukingoni mwa mkeka, akaja akasimama pale nilipomwonesha kama mtu aliyefika mahali pa kusikilizwa.

Nikawageukia watu nikasema mzigo wa kuthibitisha sasa uko kwa nani? Wakajibu kwa pamoja, "Kwake!" Nikamwambia haya, thibitisha. Marehemu alikuwa anakuja kwenu Namungo kufanya nini? Akasema zamani alikuwa anakuja kiangazi kuchimba dhahabu na wenzake, akamwoa mama yake kulekule, na baadaye alipoacha kuchimba aliendelea kuja. Nikauliza kwa macho makali ya uwongo, "Na huku nyumbani alikuwa anaaga vipi?"

"Alikuwa anasema anakwenda mpira," akasema.

Jamani, turubai lilitaka kung'oka kwa kicheko. Kila mtu pale alikuwa anajua Mfaume na mpira wake. Wanaume walijipiga mapaja, wazee wawili walifuta macho, mimi mwenyewe nilijishika kiuno. Bi Somoe hakucheka. Nilimwona, nikadhani ni huzuni ya arobaini, nikaendelea.

Nikauliza mama yako aliolewa au ni maneno tu? Akasema aliolewa kwa ndoa, mwalimu wa madrasa aliifungisha, na mashahidi walikuwa wawili, mmoja yupo na mmoja amefariki. Nikadakia, "Aliyefariki tumwite! Si yuko na marehemu wetu huko, waje wote wawili tuwahoji, maana sheria haitaki ushahidi wa kuambiwa!" Kicheko tena. Binti akanitazama. Sasa nikikumbuka yale macho naona kabisa alikuwa anajiuliza kama mambo ya mahakamani ndivyo yalivyo, na kwamba labda ni yeye tu asiyejua utaratibu, na kwa hiyo akavumilia. Nikamuuliza, nitajuaje kwamba umelala nyumba moja na Mfaume na siyo kwamba umesikia habari zake sokoni? Akasema, "Alikuwa halali bila redio. Anaifunga kitenge ili isiamshe watu, halafu anaiweka shavuni." Halafu akaanza kulia, siyo kwa sauti, machozi tu, akiwa amesimama wima na mikono pembeni.

Nami, Selemani, mtu mzima, nikawageukia watu nikasema, "Anajua kulia huyu! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Nikatoa unga mfukoni nikampaka, paji la uso na mashavu yote mawili, kama tunavyompaka mtani mwenzetu aliyefanya vizuri.

Ni wakati huo, makofi bado yanalia, ndipo Bi Fatu alipotokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amechelewa kwa sababu alikuwa anatafuta kofia ya marehemu. Amejifunga mto tumboni, kofia ya Mfaume kichwani, unga usoni, anatembea kwa kuyumba na kupaza sauti, "Pingamizi! Nina pingamizi! Mimi ndiye mke wa siri!"

Makofi yakafa moja moja. Bi Fatu akasimama, akanitazama mimi, akamtazama binti, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Na huyu nani?" Unga ulikuwa bado kwenye vidole vyangu. Kitu pekee kilichonijia kichwani kilikuwa cha kipumbavu, kwamba laiti ningekuwa nimebaki nyumbani nachambua ufuta.

Nikasema, "Ndugu zangu, nadhani nimekosea. Tumsikilize huyu binti upya." Na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, maana Mzee Bakari alisimama, akainua mkono, akasema taratibu kabisa, "Mtani, hapana. Umekuja na unga, umecheka, umetuchekesha, huo ni utani, na tunakushukuru. Yaliyosemwa ndani ya utani hayahesabiki. Kikao hakina pingamizi." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa sahihi kwa mila yetu, na mimi ndiye niliyewapa mlango. Binti yule alikuwa amesafiri kutoka Namungo kuja kusema neno moja, neno lililomgharimu maisha yake yote kulisema, nami nililichukua nikalitia ndani ya mzaha, na humo ndani likawa si kitu.

Zainabu hakubishana. Hakujifuta. Akavaa ndala zake, akatoka na unga wake usoni hadi barabarani kulipokuwa na bodaboda. Nikakimbia nimfuate, nikashindwa kupata viatu vyangu kwenye lile rundo, nikavaa ndala za mwanamke fulani, vidole vimening'inia nje, nikafika barabarani nikakuta vumbi tu. Nilirudi kama nilivyo. Hata watoto hawakunicheka, na ningependa wangenicheka.

Niliendelea na maisha wiki ile kwa kujificha. Bi Fatu alinituma nikaombe radhi (siyo kwamba alinishauri, alinituma kama ambavyo angemtuma mtoto dukani). Basi nikapanda gari hadi Ruangwa, nikachukua pikipiki hadi Namungo, nikaulizia, nikamkuta anapika mchana kwa ajili ya wachimbaji, sufuria la maharage mbele yake, kibanda kina watu wanaongelea mechi. Aliniona akaendelea kupakua. Nikasubiri mpaka wateja wakapungua. Nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Unaniomba kama mtani au kama mwanasheria?" akauliza.

"Mwanasheria mimi siyo," nikasema.

"Siku ile ulikuwa."

Akafunika sufuria, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia habari za kifo cha baba yake alizipata kwa mtu aliyekuja kuangalia mpira, wakati mzee ameshazikwa siku nyingi, na kwamba mama yake alimkataza kuja Chiola, alimwambia utafukuzwa. "Nilijua naweza kufukuzwa," akasema. "Nilijiandaa kwa hilo. Kuchekwa sikujiandaa." Halafu akasema anakwenda mahakamani Nachingwea kuweka pingamizi la kweli kabla msimamizi hajateuliwa. Nikasema, kwa haraka ya mtu anayetaka kupendwa, kwamba naelewa, haki yako ni kutambuliwa kama mtoto, mali ni jambo dogo. Akanikatiza, "Nani kasema ni dogo? Mikorosho ya baba yangu naitaka pia. Kwa nini nisiitake?" Nikasema samahani. Akasema, "Wewe nataka uje useme. Kila nilichosema mimi, na kila ulichosema wewe. Usipunguze."

Nilikubali, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu mizaha yangu, nikitafuta upi naweza kuupunguza.

Siku ya shauri mahakama ya mwanzo ilijaa watu wa Chiola. Hakimu alikuwa mama mmoja kijana, mtulivu, na wazee wa mahakama wawili, washauri wake, kushoto na kulia kwake. Niliapa. Neno kiapo nilikuwa nimeshalieleza vijiji vingi, kwamba ni ahadi kwa Mungu yenye adhabu ya dunia pia, ukisema uwongo kwa makusudi unaweza kufungwa. Lakini kulieleza na kusimama ndani yake ni vitu viwili. Hakimu akasema nieleze kilichotokea, taratibu, maana anaandika.

Nikaeleza. Nikasema nilimuuliza huyu, akajibu hivi. Hakimu akauliza, "Na wewe ukasemaje?" Nikasema, "Nikasema tumwite shahidi aliyefariki aje, mheshimiwa." Akaandika. Kalamu ikawa inasikika. "Halafu?" Nikasema watu walicheka. "Na wewe?" Nikasema nilicheka. Akaandika na hilo. Kila mzaha wangu uliokuwa mtamu chini ya turubai nililazimika kuutoa mmoja mmoja, mkavu, pole pole, urudiwe pale hakimu asiposikia vizuri ("ulisema mpigieni nini?" "makofi, mheshimiwa"), na nyuma yangu watu walewale waliokuwa wanajipiga mapaja walikaa kimya. Nilipofika kwenye unga niliuliza kama na hilo linaandikwa, hakimu akasema linaandikwa, nikamalizia.

Mzee Bakari akapewa nafasi ya kuniuliza. Akasimama na kofia mkononi. "Wewe ni mtani wetu, siyo?"

"Ni mtani wenu."

"Mtani akisema jambo msibani, neno lake linachukuliwa?"

"Halichukuliwi."

"Sina swali jingine, mheshimiwa."

Ikafika zamu ya Zainabu. Nilitarajia aniulize kuhusu unga. Yeye akauliza, "Siku ile mtani alikuwa nani, mimi au wewe?"

"Alikuwa mimi."

"Mimi nilikuwa natania?"

Nikasema, "Hapana, wewe ulikuwa unasema kweli."

Hakimu akanyanyua mkono. "Shahidi, kama alisema kweli au hakusema, hilo ni la mahakama kuamua. Wewe sema ulichokiona." Kanuni yenyewe naijua, shahidi hatoi maoni, anatoa alichokiona na kukisikia, nilikuwa naifundisha kwa mfano wa mtu aliyeshuhudia moto shambani. Nikageuka nikamtazama Zainabu kwa mara ya kwanza tangu niingie pale, nikasema, "Nilimwona analia. Nikadhani anaigiza." Hakimu akaandika. Sijawahi kusema sentensi ngumu kama ile maishani mwangu, na ilikuwa fupi tu.

Shahidi wa ndoa aliyebaki aliletwa kutoka Namungo, mzee anayetembelea fimbo, akasema alichokiona, mahari, mwalimu, siku yenyewe. Lakini kilichofanya watu wa Chiola wainamishe vichwa ni Bi Somoe. Hakuna aliyemtarajia. Alisimama akaomba kusema, akaapishwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba alipoolewa na Mfaume alikuta ana tabia ya kufunga redio kitenge na kuiweka shavuni, na kwamba jambo hilo hakuwahi kumsimulia mtu kwa sababu halikuwa la kusimulia, na watoto wake walikuwa wanalijua kwa kuwa walilala nyumba ile. "Huyu binti alipolisema pale chini ya turubai," akasema, "nilijua. Wengine walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa najua tayari. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira na aliyekufa, na hasira yangu ikampata huyu ambaye hakunikosea." Halafu akakaa. Mzee Bakari aliinama akashika kichwa, na aliposimama tena alisema hana maswali.

Pingamizi likakubaliwa. Mzee Bakari akawa msimamizi, kwa agizo kwamba Zainabu ahesabiwe miongoni mwa watoto wa marehemu na apewe fungu lake kama wenzake. Nje, Bi Somoe alimshika mkono wakaondoka pamoja kwenda Chiola kumwonesha kaburi. Mimi nilibaki ukutani nimesimama kama niliyesahauliwa, nikisubiri labda kuna mtu ataniita. Hakuna aliyeniita, na sikuwa na haki ya kuitwa.

Bado nawasaidia watu, lakini nimejiwekea sharti, na mkiniona nalivunja mnikumbushe kwa kofi: palipo na mtu aliyesimama kusema lake, mimi nakaa chini, namsikiliza mpaka amalize, na utani wangu nauacha nyumbani. Siulizi tena nani ana pingamizi kwa sauti ya mpiga debe. Watu wanasema siku hizi mikutano yangu imepooza. Sawa, na ipooze.

Mwaka huu wakati wa msimu wa korosho nilikutana na Zainabu sokoni Nachingwea, amekuja kuangalia mikorosho yake ya Chiola. Sasa jueni kwamba yeye kwa kutambuliwa ni mtoto wa Mfaume, na kwa hiyo ni mtani wangu, kwa haki kabisa. Angeweza kunipora kofia, angeweza kunitukana mbele ya watu wote, angeweza kunidai shamba, nami ningecheka na kulipa, na kwa kweli nilikuwa natamani, nilisimama pale njiani nikamsubiri nikiwa nimeshaanza kutabasamu. Akafika karibu. Akainamisha kichwa kama anavyofanya mtu kwa mzee asiye wake, akasema, "Shikamoo."

Nikasema marahaba, akapita.